Hadithi za Kisayansi: Zipimwe kwa Mizani Gani?

Tarehe 18 Aprili, 1862, puto kubwa lililojazwa gesi ya haidrojeni lilipaa kutoka kisiwa kidogo kilicho karibu na mji wa Unguja. Ndani ya kikapu chake walikuwamo wasafiri watatu kutoka Uingereza: Daktari Samuel Fergusson, rafiki yake Kennedy, na mtumishi wao Joe. Upepo ulilichukua puto hilo hadi bara, likapita juu ya Uzaramo, likatua Tabora, likavuka ziwa kubwa ambalo Waingereza walilipa jina la Viktoria, na baada ya majuma matano safari ikaishia kwenye mto Senegal, upande wa pili wa Afrika.

Safari hiyo haikufanyika. Ilibuniwa na Mfaransa Jules Verne katika riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Majuma Matano katika Puto". Kitabu kilitolewa Paris mwezi Januari, 1863. Verne hakuwa amefika Afrika Mashariki. Alikusanya habari zake kutoka katika maandishi ya wapelelezi kama Burton, Speke na Barth. Wakati kitabu kikitoka, Speke alikuwa ameshaona, mwezi Julai, 1862, mahali ambapo mto Nile unatoka ziwani, lakini alikuwa bado yuko njiani na habari yake ilikuwa haijafika Ulaya. Verne aliwafanya wasafiri wake wauone mto huo ukitoka ziwani kuelekea kaskazini, na makisio yake yakatokea kuwa kweli.

Kitabu hiki ni mfano mwema wa maandishi yaitwayo hadithi za kisayansi, yaani hadithi ambazo kiini chake ni jambo la sayansi au la ufundi lisilokuwapo wakati wa kuandikwa kwake. Siku hizi hadithi za namna hii huwafikia vijana kwa njia ya vitabu, sinema na televisheni. Jambo linalotatiza ni namna ya kuzihukumu. Wapo walimu wanaoziona kuwa ni porojo zinazompotezea mwanafunzi muda wake, na wapo wanafunzi wanaozimeza bila kutafuna, wakaamini kwamba kila kinachoonekana katika picha kimethibitishwa mahali fulani na wataalamu. Makundi haya mawili yana kosa moja: hakuna lililopima.

Mizani Tatu

Anayetaka kuifanyia hadithi ya kisayansi uhakiki wa haki anaweza kuiuliza maswali matatu kwa mpango.

Swali la kwanza ni la ombi. Kila mtungaji wa hadithi ya kisayansi humwomba msomaji akubali jambo fulani ambalo bado halipo: chombo kipya, madini mapya, viumbe wa sayari nyingine. Mhakiki hana budi kulitambua ombi hilo na kulitaja waziwazi. Si haki kumlaumu mtungaji kwa kuomba; bila ombi hakuna hadithi.

Swali la pili ni la utii. Mtungaji akishapewa alichoomba, je, anazitii sheria nyingine zote za maumbile? Aliyeomba chombo kiendacho Mwezini hakupewa ruhusa ya kufuta sheria za joto, za uzito au za sauti. Hapa ndipo mwanafunzi wa fizikia, kemia na biolojia anapoweza kuitumia kalamu yake.

Swali la tatu ni la watu. Katika hadithi hiyo ni nani anayefikiri, ni nani anayepima, na ni nani anayekaa pembeni akishangaa? Swali hili husahauliwa mara nyingi na watu wa sayansi, kwa kudhani kwamba ni kazi ya walimu wa fasihi peke yao. Lakini kudai jambo la uongo juu ya watu ni kosa la ukweli kama yalivyo makosa mengine.

Puto la Unguja Katika Mizani

Ombi la Verne ni dogo. Maputo ya haidrojeni yalikuwa yanajulikana tangu mwaka 1783. Shida yao ilikuwa kwamba rubani aliyetaka kushuka alilazimika kuachia gesi, na aliyetaka kupanda alilazimika kutupa mchanga aliouchukua kama uzito. Vyote viwili vikiisha, safari nayo imekwisha. Fergusson anadai kwamba amepata njia ya kupanda na kushuka bila kupoteza chochote: anaipasha gesi joto ili itanuke, au anaiacha ipoe ili isinyae. Kwa njia hiyo anaweza kutafuta, juu au chini, tabaka la hewa lenye upepo uendao anakotaka.

Wazo hilo linafuata sheria. Kwa mujibu wa kanuni ya Charles, gesi ambayo shinikizo lake halibadiliki huongezeka ujazo kwa kadiri halijoto yake inavyoongezeka, ikipimwa kwa Kelvini. Gesi yenye nyuzi 27 za Sentigredi ina Kelvini 300. Ikiongezewa nyuzi 30 inafika Kelvini 330, na ujazo wake unaongezeka kwa asilimia 10. Puto la Fergusson lilikusudiwa kubeba mzigo wa ratili 4,000, yaani karibu kilo 1,800. Ikiwa puto linasukuma hewa yenye uzito huo, ongezeko la asilimia 10 linaleta nguvu ya kunyanyua kilo 180 zaidi. Hiyo yatosha kabisa kulipandisha.

Hata suala la upepo alilifikiria vizuri. Watu wa pwani wanajua kwamba mwezi wa Aprili kaskazi imekwisha na kusi inaanza, na kwamba karibu na Ikweta pepo nyingi hutoka mashariki kwenda magharibi. Anayetaka kuvuka Afrika kwa kuchukuliwa na upepo afadhali aanzie Unguja kuliko Senegal.

Kosa la puto hili liko katika moto wake. Fergusson hakuchukua kuni wala mafuta. Alichukua maji, akayatenganisha kwa umeme wa betri ya Bunsen kuwa haidrojeni na oksijeni, kisha akazichoma gesi hizo mbili ili kupata joto. Msomaji asiyepima huvutiwa: maji yamegeuka kuwa kuni. Lakini haidrojeni na oksijeni zikiungua hurudi kuwa maji, na joto linalotoka haliwezi kuzidi nishati iliyotumika kuyatenganisha. Maji hayakutoa chochote. Nishati yote ilitoka katika betri.

Betri nayo ina uzito. Kutenganisha lita moja ya maji kunahitaji nishati isiyopungua megajouli 16 hivi. Betri ya Bunsen hupata nguvu yake kwa kula zinki pamoja na asidi. Mwanafunzi wa kemia akihesabu kwa moli ataona kwamba, hata katika hali bora isiyo na hasara yoyote, kila gramu 18 za maji zinahitaji gramu 65 za zinki, gramu 98 za asidi ya salfuriki na gramu 126 za asidi ya nitriki. Kwa lita moja ya maji hizo ni kilo 16 za kemikali. Joto litakalopatikana, yaani megajouli 16, ni takriban joto la kilo moja ya kuni kavu. Ikiwa Fergusson atatenganisha lita 100 za maji katika safari yake, atahitaji kemikali zenye uzito wa kilo 1,600, karibu sawa na mzigo wote wa puto, hata kabla yeye na wenzake hawajapanda.

Hatari ya kuwasha moto karibu na haidrojeni nayo ilikuwa imejulikana kwa msiba. Tarehe 15 Juni, 1785, Mfaransa Pilâtre de Rozier alijaribu kuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa puto lililounganisha haidrojeni na hewa ya moto. Puto lilianguka, naye akafa pamoja na mwenzake.

Hata hivyo hukumu ya haki haiishii hapo. Mwezi Machi, 1999, Bertrand Piccard wa Uswisi na Brian Jones wa Uingereza waliizunguka dunia nzima kwa puto bila kutua, safari ya kilomita 45,755 iliyochukua karibu siku 20 na kuishia katika jangwa la Misri. Puto lao liliendeshwa kwa kupasha joto gesi iliyokuwa imefungiwa ndani yake, na marubani walikuwa wakipanda na kushuka kutafuta upepo uliowafaa. Gesi yao ilikuwa heliamu, ambayo haiwaki, na moto wao ulikuwa wa propeni iliyobebwa katika mitungi. Kwa hiyo wazo la Verne lilikuwa sahihi, lakini hesabu yake ya nishati ilikuwa na kasoro. Mhakiki anayesema tu kwamba Verne alitabiri, au anayesema tu kwamba Verne alikosea, amesoma nusu ya mizani.

Linabaki swali la watu, na hapa puto linashindwa vibaya. Verne anaeleza kwamba watu wa Unguja waliipinga safari kwa kudhani kwamba wageni hawa wanakusudia kulidhuru jua na mwezi, vitu ambavyo anasema watu wa Afrika huviabudu. Puto linapotua Tabora, Wanyamwezi wanadhani kwamba mwezi umeshuka kwao na kwamba wasafiri ni watoto wake. Usiku ule mwezi wa kweli unapochomoza, ndipo watu wanapogundua kwamba wamedanganywa, na wageni wanakimbia.

Ukweli unaopimika ni upi? Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Mwaka 1862 watu wa Unguja walikuwa wameishi katika Uislamu kwa mamia ya miaka, na Mwislamu huutazama mwezi ili apate kujua siku ya kuanza kufunga na siku ya kufungua. Wanyamwezi nao walikuwa wasafiri wa misafara iliyokwenda pwani na kurudi kwa miezi mingi. Ni vigumu kupata watu waliojua zaidi kuliko hawa mwezi huchomoza lini na wapi. Mtungaji aliyechukua taabu ya kuhesabu uzito wa kila kitu ndani ya kikapu hakuona haja ya kuuliza watu waliokuwa chini ya kikapu wanajua nini. Kosa la betri linahitaji kemia ili ligunduliwe. Kosa hili lingegunduliwa na mtoto yeyote wa Unguja aliyewahi kusimama ufukweni kuutazama mwezi mwandamo.

Ombi Moja na Kosa Moja

Ni vema kutofautisha ombi na kosa, na mfano mzuri wa kufanya hivyo unapatikana katika safari mbili za kubuniwa za kwenda Mwezini.

Mwaka 1865 Verne alitoa riwaya ya kusafiri kutoka Duniani hadi Mwezini. Wasafiri wake wanafyatuliwa kutoka katika mzinga wenye urefu wa futi 900, yaani mita 274 hivi. Kasi aliyowapa, karibu kilomita 11 kwa sekunde, ndiyo inayohitajika ili kitu kiepuke mvutano wa Dunia. Aliuweka mzinga wake Florida, sehemu ya kusini ya Marekani, na Apollo 11 iliondoka katika jimbo hilohilo mwaka 1969. Ukaribu na Ikweta una faida, kwa maana chombo kirushwacho kuelekea mashariki hupewa msaada na mzunguko wa Dunia, ambao kwenye Ikweta una kasi ya mita 465 kwa sekunde. Faida hiyohiyo ndiyo iliyowaleta Wataliano kwenye pwani ya Kenya, karibu na Malindi, ambako setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba, 1970.

Lakini kasi ya kilomita 11 kwa sekunde ikipatikana ndani ya mita 274 tu, mchapuko wake ni mara 22,000 na zaidi ya ule wa kitu kinachoanguka. Msafiri wa kilo 60 angehisi uzito wa tani zaidi ya 1,300. Maji ambayo Verne aliyaweka chini ya sakafu ili yapunguze mshtuko yasingemsaidia. Hilo ni kosa la utii, kwa kuwa Verne hakuomba miili mipya. Aliomba mzinga tu.

Mwaka 1901 Mwingereza H.G. Wells alitoa riwaya yake ya watu wa kwanza Mwezini. Yeye alibuni madini yanayozuia mvutano. Verne mwenyewe hakupendezwa. Alisema kwamba yeye hutumia fizikia, na mwenzake huzua tu. Lawama hiyo ina uzito, maana madini ya namna hiyo yangewezesha gurudumu kuzunguka milele bila kutumia nishati. Hata hivyo Wells aliomba jambo hilo moja waziwazi, kisha akaendelea kwa utaratibu: chombo chake kina vifuniko vya madini hayo vinavyofunguliwa upande wa mahali mtu anapotaka kuvutwa. Mhakiki anaweza kusema kwamba Wells ameomba kingi mno, lakini amekitumia kwa uaminifu; na kwamba Verne ameomba kidogo, lakini amewaua wasafiri wake bila kujua.

Sinema na Televisheni

Picha zina hatari zaidi ya maandishi, kwa sababu jicho huamini upesi kuliko akili. Filamu ya Marekani iitwayo "Them!", ya mwaka 1954, ilionyesha sisimizi waliokuwa wakubwa kuliko binadamu kwa ajili ya majaribio ya mabomu ya atomiki. Kosa lake lilikuwa limeelezwa na Galileo tangu mwaka 1638. Siafu wa sentimita 1 akikuzwa mpaka mita 3, urefu wake umeongezeka mara 300. Unene wa miguu yake, ukipimwa kwa eneo la mkato, umeongezeka kwa kipeo cha pili, mara 90,000. Lakini uzito umeongezeka kwa kipeo cha tatu, mara 27,000,000. Kwa hiyo kila sehemu ya mguu inabeba mara 300 ya uzito wa awali. Siafu huyo angelala chini asiinuke, wala hewa isingemfikia mwilini kupitia vijitundu ambavyo wadudu huvutia pumzi.

Makosa mengine hufanywa kwa kujua. Riwaya "The Martian" ya Andy Weir, iliyofanywa filamu mwaka 2015, inaanza kwa dhoruba kali katika sayari ya Mirihi. Hewa ya Mirihi ina densiti ya karibu moja ya 60 ya hewa ya Dunia, na kwa kuwa nguvu ya upepo hufuata densiti na kipeo cha pili cha kasi, upepo wa kilomita 100 kwa saa kule Mirihi unasukuma kama upepo wa kilomita 13 kwa saa hapa Duniani. Hauwezi kupindua chombo. Weir amekiri kwamba alilijua hilo, lakini alihitaji sababu ya kumwacha mtu wake peke yake. Uhakiki mwema unalitaja kosa, unaitaja sababu yake, kisha unaendelea kutazama kama sehemu iliyobaki inatii.

Mara nyingine sababu ni fedha. Katika mfululizo wa televisheni uitwao "Star Trek", ulioanza Marekani mwezi Septemba, 1966, watu huyeyuka ndani ya chombo na kutokea papo hapo juu ya sayari. Watengenezaji walichagua njia hiyo kwa sababu kuonyesha chombo kikitua kila juma kungekuwa na gharama kubwa. Anayetafuta nadharia ya fizikia nyuma ya jambo hilo anapoteza muda wake.

Kwa mizani ya tatu, hata hivyo, mfululizo huo una sifa. Katika chumba cha uongozi aliwekwa ofisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno la Kiswahili uhuru. Aliyeigiza nafasi hiyo, Nichelle Nichols, alisaidia shirika la anga la Marekani mwaka 1977 kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kufundishwa urubani wa anga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, aliyesafiri mwezi Septemba, 1992, alieleza kwamba kumwona Uhura utotoni kulimtia moyo. Hapo hadithi isiyotii fizikia ilifanya kazi ya kweli katika maisha ya watu. Mhakiki asiyeuliza swali la tatu asingeliona jambo hilo.

Filamu Iitwayo "Pumzi"

Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi ya dakika zipatazo 20, akaiita "Pumzi". Inastahili kuwekwa katika mizani ileile iliyopima puto la Unguja, kwa kuwa nayo inatokea Afrika Mashariki, ila safari hii mtungaji ni mwenyeji.

Ombi lake ni hili: vita vya tatu vya dunia, vita vya kugombea maji, vimepita, na nchi ya juu imekuwa jangwa lisilo na uhai. Watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa. Jasho na mkojo wao husafishwa wakayanywa tena, na umeme wao hutoka katika mashine zinazoendeshwa kwa nguvu za miili yao. Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, anapokea udongo ndani ya kopo, bila kujua nani aliyeuleta.

Swali la utii lina mambo mawili ya kuhesabiwa. La kwanza ni maji. Kusafisha mkojo na jasho ili kuyanywa ni jambo linalofanyika. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mitambo ya kituo cha kimataifa cha anga imefikia kiwango cha kurudisha asilimia 98 ya maji. Lakini asilimia 2 zilizobaki zina maana. Ikiwa kila mzunguko unapoteza asilimia 2 na hakuna maji mapya, baada ya mizunguko 34 nusu ya maji yote imekwisha. Mji uliofungwa kabisa unakufa polepole, hata kama mashine zake ni nzuri.

La pili ni umeme. Mtu mwenye afya akiendesha mashine kwa saa nyingi hutoa kiasi cha wati 75 hadi 100. Katika saa 8 haifiki hata kilowati-saa moja. Misuli yake hugeuza kiasi cha robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, au pungufu ya hapo. Kwa hiyo umeme huo umelipiwa kwa chakula chenye nishati mara nne au zaidi. Chakula hicho kimeoteshwa wapi, na kwa mwanga upi? Hapa filamu inalegea mahali palepale puto la Verne lilipolegea: nishati inaonekana kutoka katika kitu ambacho kwa kweli kinaipitisha tu.

Mwishoni Asha anatoroka, anatembea jangwani, anapanda mche, anaumwagia tone lake la mwisho la maji na jasho lake mwenyewe, anaufunika kwa kivuli cha mwili wake, na mti unakua hapo alipolala. Jasho la mtu mmoja halioteshi mti mkubwa. Lakini sehemu hii haidai kuwa somo la kilimo. Inasema kwa mfano, kama fumbo linavyosema, na mhakiki anapaswa kujua wakati wa kuweka kalamu ya hesabu chini. Mwaka huohuo Kahiu alitengeneza filamu ya maisha ya Wangari Maathai, mwanasayansi aliyeanzisha mwaka 1977 harakati za kupanda miti nchini Kenya.

Kitu chenye thamani kubwa zaidi kimo mapema katika filamu, nacho hupita upesi. Asha anapoupata udongo ule, anaupima. Vipimo vinaonyesha kwamba una maji mengi na hauna mnururisho wa hatari. Anaupanda mbegu, nayo inachipua. Anapeleka habari kwa wakubwa akiomba ruhusa ya kutoka nje, na wakubwa wanakataa, kwa hoja kwamba nje hakuna uhai. Hawakuupima udongo wenyewe, wala hawakuonyesha kosa katika kipimo chake. Wanaamuru tu.

Linganisha Tabora ya Verne na mji huu wa Kahiu. Katika hadithi ya kwanza Mwafrika anatazama juu, anaogopa, na wageni ndio wenye vipimo. Katika ya pili mwanamke wa Afrika Mashariki ana kipimo mkononi, na wenye mamlaka ndio wanaokataa kutazama. Filamu ya pili ina upungufu katika nishati yake, lakini imeonyesha kiini cha sayansi kwa usahihi kuliko vitabu vingi vyenye hesabu safi: kwamba dai hujibiwa kwa kipimo kingine, na kwamba cheo cha anayekanusha hakibadilishi kiasi cha maji kilichomo katika udongo.

Kazi ya Darasani

Mwalimu hahitaji jumba la sinema ili kufundisha uhakiki wa namna hii. Hadithi moja iliyosomwa kwa sauti darasani, au masimulizi ya mwanafunzi aliyetazama picha fulani, yanatosha kuanzia. Wanafunzi wagawanywe makundi matatu, kila kundi lichukue swali lake: ombi, utii na watu. Kundi la pili lisiruhusiwe kusema "haiwezekani" bila kuonyesha hesabu, na kundi la tatu lisiruhusiwe kusema "ni dharau" bila kuonyesha ukweli uliopuuzwa. Baada ya hapo darasa liandike uhakiki wa ukurasa mmoja, wenye kueleza hadithi kwa ufupi, kutaja ombi, kuonyesha panapotii na panapokosea, na kutoa hukumu.

Inafaa pia mwanafunzi ajaribu kutunga. Aliyekwisha kuhesabu uzito wa betri ya Fergusson ataona haja ya kuhesabu uzito wa chombo chake mwenyewe kabla ya kukirusha. Na akitunga hadithi ya wakati ujao, ataona pia haja ya kuamua nani awe ameshika kipimo.

Maswali ya Mazoezi

1. Puto lina gesi yenye nyuzi 17 za Sentigredi. Ipashwe joto hadi nyuzi ngapi ili ujazo wake uongezeke kwa asilimia 20, shinikizo likiwa halibadiliki?

2. Mzinga wa kwenda Mwezini ungehitaji urefu gani ili msafiri asipate mchapuko zaidi ya mara 5 ya ule wa kitu kinachoanguka, ikiwa kasi ya mwisho ni kilomita 11 kwa sekunde? Linganisha urefu huo na umbali kutoka Dar es Salaam hadi Tabora.

3. Mji uliofungwa unarudisha asilimia 90 ya maji yake kwa kila mzunguko. Baada ya mizunguko mingapi yatabaki chini ya nusu?

4. Chagua hadithi au filamu yoyote ya kisayansi unayoijua. Taja ombi lake kwa sentensi moja, kosa lake moja la utii kwa hesabu, na jambo moja inalolisema juu ya watu, la kweli au la uongo, kwa ushahidi.